Guia isiyo na mstari

Mnaotucheka kwa printa yetu ya kizamani, someni hii.

Leo tumefungua mpya. Nikachapa guia, ile karatasi ya mzigo wa samaki ya kuonyesha vizuizini. Ikatoka safi kabisa.

Nikampa Momade, dereva wetu. Akaondoka.

Saa sita huyo karudi, na samaki wake wote. Barafu imeshakuwa maji.

"Dada, wanasema guia ni ya kughushi."

"Kwa nini?"

"Haina mstari."

Printa ile ya zamani tuliifukua chini ya mabati tuliporudi mjini kwetu Mocímboa baada ya kukimbia vita. Tangu siku hiyo kila karatasi inaitia mstari mweusi katikati. Askari wa barabarani wameuzoea. Kwao ndio muhuri.

Bosi akaichomoa mpya. Akairudisha kwenye boksi, akachomeka ya zamani. Ikakwaruza wee, ikatoa guia na mstari wake.

Momade akauliza, "Na hii ikifa?"

Bosi akafungua droo, akamwonyesha rula na kalamu nyeusi.

Sikucheka. Samaki wameanza kunuka.

Kwenu mnachapia nini?