Kadii wa Ubavuni mwa Mlango

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini. Hapana, nasema uongo, ilikuwa ishirini na mbili, maana barakoa tulikuwa tumeshaacha kuvaa, na Kadii alikuwa akishikia sinia za moto kwa zile kuukuu.

Mimi nilikuwa nimeshazunguka sana: chumvi ya Marereni, mashamba ya Ganda, ulinzi wa majumba ya watu. Muhidin akanichukua kuchochea kuni kwenye tanuri lake dogo la mikate ya boflo, hapo Malindi. Ndipo nilipomjua Kadii.

Mama huyo alikuwa amekanda unga pale miaka kumi na nne. Mizani hakuitaka. Alibonyeza donge kwa kidole gumba, akangoja lirudi, akasema, "Bado," au, "Tia." Joto likizidi alipunguza hamira bila kuambiwa. Nami kila siku aliniwekea mkate mmoja uliopinda. "Chukua, Mwambire. Umepinda mgongo kama wewe."

Basi Muhidin akanunua tanuri la umeme, kwa kuwa hoteli zilitaka mikate ya kipimo kimoja. Akatuita.

"Mimi sileti wageni," akasema. "Nitawafunza nyinyi nyinyi. Lakini chombo chataka watu watatu, nanyi mu wanne. Atakayeshindwa atanisamehe."

Wanne wenyewe tulikuwa Kadii, mimi, Uweis mpwa wa Muhidin, na Nyale aliyemuoa Gladys, binti wa Kadii. Kwetu sisi, ukimtoa Uweis, mtu na mama mkwe wake hawabanani chumba kimoja, wala hawapishani mlangoni. Muhidin wazee wake ni wa visiwa vya kaskazini, na jambo hilo hakuwahi kuliona, kwa sababu kazi ilikuwa imejipanga yenyewe: Nyale nje akipasua kuni na kupeleka mikate kwa baiskeli, Kadii ndani na unga wake.

Mwalimu alikuwa binti mmoja kutoka bara, Hope, mpole sana. Chumba cha tanuri jipya kilikuwa kidogo, mkigeuka wawili mwagongana. Siku ya kwanza Kadii alifika akamkuta Nyale ameshaingia. Alivuta leso kichwani, akarudi nyuma, akasimama nje, ubavuni mwa mlango.

"Mama, ingia uzione batani," Hope akamwita.

"Nasikia hapa hapa, mwanangu."

Uweis akacheka. "Mama Kadii aogopa umeme!"

"Na wewe waogopa maji," ikaja sauti ya nje. "Sote twanusa."

Tukacheka, hata Nyale, ila yeye alicheka akitazama chini.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Kadii mwenyewe hangesema. Angesema, ingekuwa kama anamfukuzisha kazi mkwewe, na Gladys alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Nyale naye angesemaje? Aliyebaki wa kusema ni mimi.

Hope akanivuta hadi karibu na mlango. "Babu, yule mama hataki kujifunza?"

Jibu nilikuwa nalo, tena fupi: mfunze asubuhi peke yake, wakati mkwewe yuko na baiskeli. Lakini mimi nilikuwa nimeshaunguza sinia mbili. Zile tarakimu zinazowaka zilinikimbia machoni, na asubuhi ile Muhidin alinitazama mimi, kisha akatazama ufagio.

Nikasema, "Labda amechoka. Umri, mwanangu."

Mimi, niliyempita Kadii miaka kumi na mmoja.

Siku ya sita vyeti vikatoka vitatu. Kimoja kina jina langu, na hadi leo sijakitundika popote. Muhidin alimwambia Kadii kwa upole, "Dada, nilikungoja uingie." Kadii akakunja aproni yake mara nne, akashukuru. Kabla ya kwenda kwao Ganda aliniwekea mkate wangu. Siku hiyo ulikuwa mzuri, haukupinda hata kidogo.

Joto la Februari lilipokuja, unga ukaanza kufura na kuchacha kabla ya kuingia tanurini. "Kadii alikuwa akifanyaje?" Muhidin akauliza. Tukatazamana, sisi wenye vyeti. Sisi tulifunzwa chombo, lakini hakuna aliyewahi kumwomba Kadii atufunze mkono wake. Nikaaga mwezi ule ule. Sikuweza kula mikate ile.

Mwaka jana nilipita Ganda. Kadii anakaanga mahamri mbele ya nyumba yake, na anauza vizuri. Alinipa kigoda, chai, na mahamri mawili. Akaniuliza habari za magoti. Nikamweleza yote, la Hope, la ufagio, la ule umri. Alisikiliza akikata unga. Halafu nikamuuliza jambo moja, naye akabonyeza donge kwa kidole gumba, akangoja lirudi, akaniongeza chai. Nimerudi mara mbili tangu hapo. Kila mara chai napata.

Nilichomuuliza ni hiki tu: Kadii, nilipomjibu Hope, wewe ukiwa hapo ubavuni mwa mlango, ulinisikia?