Mama Funguo Hakutoka

Nianze na ugomvi, maana ndiyo tabia yangu. Juzi kazini, wakati wa chai, wenzangu walibishana ni mhusika gani wa vitabuni wanayempenda kuliko wote. Mmoja akamtaja askari shujaa, mwingine binti aliyekimbia harusi yake mwenyewe, mwingine mwizi mwenye huruma. Nikawaambia wa kwangu ni Mama Funguo, mtunza nyumba ya wageni. Wakanitazama kama niliyetaja jirani. Hakuna aliyemjua. Na wangemjuaje, nao hawakulelewa na Redio?

Redio alikuwa mtu, msinicheke. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kukanda na sauti ya kuita watu mtaa wa tatu. Alishona vifungo katika karakana ya sare za shule, mahali ambapo mama yangu alipiga pasi. Mimi nilimwita Shangazi, ingawa hatukuchangia damu hata tone. Jina la Redio alipewa na wenzake, kwa sababu ukishamwasha, kuzima hakuna.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya juu. Karibu na mlango palikuwa na meza ya kukatia, ya fundi waliyemwita Mkasi. Katikati zilipangwa cherehani. Nyuma kabisa, kwenye joto, alisimama Mama na pasi yake. Palinuka mvuke, kitambaa kipya na mafuta ya cherehani. Jamani, harufu ile! Mpaka leo nikipita dirishani kwa fundi yeyote wa nguo nasimama, nasahau nilikokuwa naenda.

Vifungo na mapindo vilishonwa kwa mkono, na kazi ya mkono huacha masikio bila kazi. Basi kila mchana Redio aliweka sindano chini, wenzake wakagawana vifungo vyake, naye akafungua kitabu akawasomea. Hakuna aliyewahi kuupanga utaratibu huo. Msimamizi alijaribu kuupiga marufuku, kazi ikalala kutwa nzima, kesho yake akanyamaza mwenyewe. Na kila Redio alipoanza, Mama Pacha, mkubwa wa upande wa cherehani, alipiga kelele ile ile:

"Paza sauti! Sisi wa cherehani hatusikii!"

Mimi nilitoka shule nikaja moja kwa moja kukaa chini ya meza ya Mama, juu ya rundo la vipande vya kitambaa. Matone ya maji yalinidondokea kisogoni. Sijawahi kukaa mahali pazuri kuliko pale, na nimeshakaa kwenye viti vya maana.

Kitabu cha Mama Funguo kilikuja bila jalada, kimechoka, kimenunuliwa kwenye takataka za mtu. Jina lake hatukulijua. Sentensi yake ya kwanza ndiyo iliyokuwa jina: "Nyumba ya wageni ina milango mingi, lakini mwenye funguo ni mmoja." Huyo mmoja alikuwa mwanamke aliyetunza nyumba ya wageni tangu ujana wake, funguo zote zikining'inia kiunoni. Mwenye nyumba alimwahidi kwamba angekaa pale mpaka mwisho wa maisha yake. Kisha mwenye nyumba akafa, na warithi wakaanza kubisha hodi.

Loo, jinsi karakana ilivyompenda! Na kila mtu alimpenda kwa lake. Mama Pacha alisema, "Huyu mwanamke ana majibu. Yale maneno mimi huyakumbuka nikishafika nyumbani, yeye anayo pale pale mdomoni." Mkasi, ambaye alijifanya hasikilizi mambo ya wanawake, alisahau siku moja akadakia kwamba mtu anayehesabu funguo zake kila jioni bila kuambiwa, huyo anajua kazi. Wakamcheka mpaka akageukia ukuta. Mimi nilimpenda kwa sababu alificha peremende mfukoni na hakuwagawia watoto. Nilimwona mtu mkweli.

Mama alikawia kusema. Alikuwa mtu wa maneno ya kupima, mama yangu. Mwishowe aliinua pasi akasema, "Mnasema ni jasiri. Si jasiri. Anaogopa. Kila ukurasa anaogopa, sikilizeni vizuri. Anaogopa, na mlango hafungui." Kisha akaendelea kupiga pasi.

Sote tulijua kwa nini. Baba alikuwa amefariki, na ndugu zake walikuwa wanaitaka nyumba yetu. Vyumba viwili na baraza, basi, lakini Baba alivijenga kwa mikono yake, na Mama ndiye aliyemchotea maji ya udongo. Baba mkubwa na baba mdogo walikuja kila mara na maneno matamu, mara "shemeji, upumzike kwa wazazi wako," mara "mtoto tutamlea sisi." Utamu ulipokwisha wakasema wazi: Jumamosi tunakuja, tukukute umefungasha.

Wiki hiyo hiyo kitabu kilikuwa kinaelekea ukingoni. Warithi walikuwa wamempa Mama Funguo siku ya mwisho, na Redio alipofunga kitabu siku ile Mama Pacha alitaka kumrushia bobini ya uzi. Hapo ndipo Mama aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mimi namngoja yeye. Akitoka, na mimi nafunga virago. Akibaki, nabaki."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mimi chini ya meza sikucheka, maana nilimwona vidole vya miguu vimejikunja ndani ya kandambili. Redio naye hakucheka.

Sasa, Redio alikuwa na mazoea yake. Kila kitabu alikibeba nyumbani akakisoma mbele kidogo, ili asikwame kwenye neno gumu mbele ya watu. Siku ile alikibeba kama kawaida. Kesho yake akaja na macho mekundu, akasema ni moshi wa jikoni, akasoma.

Ule mwisho nitausimulia mpaka nizikwe. Warithi walikuja na gari, wamevaa suti. Mama Funguo akawakaribisha sebuleni, akawapa viti, akasema anakwenda kuwaletea vinywaji, akatoka akafunga mlango kwa nje. Kisha akaketi kwenye korido, akala peremende. Walipiga kelele, wakatishia, wakabembeleza, mwishowe wakaomba maji ya kunywa. Akawaambia kupitia tundu la ufunguo, "Maji yapo. Kwanza semeni nyumba hii anakaa nani." Mkasi alicheka mpaka akakata mkono wa shati mahali pa shingo. Hadithi ilipokwisha, watu walikataa iishe, basi Redio akaendelea kuwasomea vituko vya Mama Funguo kwa majuma mengine mengi. Mimi mtoto sikujiuliza kitabu chembamba vile kilipata wapi kurasa zote hizo.

Jumamosi ikafika. Mama alifunga kiunoni kamba yenye ufunguo wetu mmoja, akaongeza wa kabati na wa kufuli lililokufa, ili zipate kulia. Baba mkubwa akabisha. Mama akasimama dirishani, anatetemeka, nilimshika gauni nikahisi mtetemo wote. Akasema, "Shemeji, nyumba ina mwenyewe." Hakufungua. Walitukana mpaka majirani wakatoka, wakaondoka, wakarudi siku nyingine, wakaondoka tena, mpaka wakachoka. Nilikulia katika nyumba ile. Naishi humo hadi sasa.

Miaka ikapita. Karakana ilifungwa, pakawa ghala la mabati. Mkasi alitangulia, kisha Mama akatutoka, akiwa kitandani kwake, chini ya paa lake. Redio alibaki. Macho yalimfifia, akawa anaishi kwa binti yake, na mimi nilikwenda Jumapili kumsomea. Zamu ilikuwa imegeuka.

Basi mwezi uliopita nikamkuta muuza vitabu vya mitumba ametandaza turubai karibu na stendi. Nikaokota kimoja, nikafungua: "Nyumba ya wageni ina milango mingi…" Nikakinunua. Nilikikumbatia njiani kote kama mwehu. Nikakaa barazani kwetu nikakisoma chote, nikicheka peke yangu, nikiisikia sauti ya Redio katika kila mstari, mpaka nikafika warithi wanapokuja na gari.

Mama Funguo alivua funguo kiunoni. Akaziweka mezani. Akatokea mlango wa jikoni, hakuaga mtu, na kitabu kikaisha.

Nilikaa pale mpaka kiti kikaniuma. Kisha hasira ikaja. Ninyi hamnijui nikikasirika. Nilimwona mama yangu dirishani anatetemeka, amejifunga ufunguo wa kufuli lililokufa, ametegemea mwanamke ambaye hakuwepo! Kama wale wanaume wangevunja mlango je? Sikungoja Jumapili.

Redio alikuwa ukumbini kwa binti yake, anapapasa bakuli la vifungo vya zamani, anavitenga kwa vidole.

"Hodi."

"Karibu mwanangu. Mbona hodi yako leo ina meno?"

"Nimekipata kitabu kizima, Shangazi. Chenye mwisho wake." Nikakitupa mapajani mwake. "Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwangu. Mama yangu ulimvisha kilemba cha ukoka!"

Alikipapasa kitabu, akakinusa. Akatabasamu, jambo lililonichoma zaidi.

"Kaa chini, umeze mate kwanza. Ni kweli. Ule mwisho niliusoma nyumbani nikalia. Nikasema mimi siwezi kumsomea yule mama maneno haya, labda nife. Nikazichana zile kurasa."

"Ukazichoma."

"Ebo! Kitabu kinachomwa? Hata mwisho mbaya ni wa mtu, aliuandika kwa jasho. Nilizibandika kwenye katoni kwa gundi ya unga, juu nikafunika karatasi ya kaki, nikampa Mkasi akate pateni za kola. Nikasema hapo hakuna atakayeziona."

Nilishindwa kuendelea kukasirika kwa muda, kwa mshangao. Maana pateni za kola nazijua. Mpiga pasi huweka ile katoni juu ya kitambaa, anakunja kingo kuizunguka, anakandamiza pasi, ili kola zote zitoke sawa. Kola za shule nzima. Yangu ikiwemo.

"Shangazi," nikasema polepole, "ulificha karatasi ya gundi kwenye meza ya mvuke?"

"Ndiyo uone akili zangu." Akacheka mpaka akakohoa. "Kaki ilibanduka kabla juma halijaisha. Mama yako akanijia na pateni mkononi."

"Mama hakujua kusoma."

"Nani alikwambia? Yeye ndiye aliyetuambia hivyo, na sisi tukaamini. Alijua, ila polepole, kama mtu anayechambua mchele, akaona aibu. Alikuwa ameyasoma yote, neno moja moja, kola baada ya kola. Akaniambia, 'Redio, kola zako zimeandikwa mambo mabaya.' Mimi nikawa natafuta pa kuingia."

"Ilikuwa lini?" Nikamshika mkono. "Kabla hawajaja nyumbani, au baada?"

"Ijumaa."

Redio aliendelea kutenga vifungo, vyenye matundu mawili huku, vyenye manne huku.

"Nilimwambia, nisamehe, sasa unajua alitoka, utafanya nini kesho? Akasema, 'Huyu wa kwenye kola ni mimi, huyo namjua, nalala naye kila siku. Wa kwako ndiye ninayemtaka. Kesho nina kazi naye.' Kisha akanirudishia pateni. 'Bandika tena, na gundi iwe nzito. Mama Pacha asije akauona mwisho huu, atalia, na cherehani zitasimama.' Akarudi kwenye pasi yake."

Nililia hapo, sioni haya kusema. Nililia kwa ajili ya mama yangu, ambaye miaka yote nilidhani alibaki kwa kuwa Mama Funguo alibaki. Binti yake Redio alichungulia mlangoni, akaona, akarudi jikoni bila neno.

"Umemaliza?" Redio akauliza. "Haya. Umekuja na kitabu, nisomee."

"Mwisho upi?"

"Wa mama yako."

Nikafuta uso kwa ncha ya khanga. Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikautazama pale funguo zilipowekwa mezani, nikaanza kusoma warithi walivyokaribishwa sebuleni, wakapewa viti, mlango ukafungwa kwa nje. Sauti haikutoka vizuri.

Redio akagonga bakuli la vifungo.

"Paza sauti," akasema. "Wa cherehani hawasikii."