Gari la Kulala Lililoegeshwa Mteremkoni

Siku hizi nikifika na gari mji wowote, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mteremko. Nimelala Tabora, Mbeya na Kigoma, na kote nimeegesha pua ikitazama chini, ingawa betri yangu ni nzima. Tabia hiyo niliipata nyumbani kwa dada yangu, Ngaramtoni. Sikuwahi kujiuliza inatokana na nini mpaka biashara ilipofunguliwa nchini, naye akanunua gari la kulala.

Alilinunua Nairobi. Paa lake liliinuka juu kwa kuta za turubai, ndani kulikuwa na kitanda, na jiko la gesi lilijificha kabatini. Watu waliotoka sokoni walikuwa wakipita kulitazama.

"Na choo kiko wapi?" muuza maziwa mmoja aliuliza.

"Porini, mama yangu," dada alimjibu. "Wageni wanalipa ili wafike huko porini."

Alikuwa ameuza duka lake la vitenge kwa ajili ya gari hilo, ili alikodishe kwa watalii. Wageni wa kwanza, mtu na mkewe, walikuwa waje Jumamosi. Mwanzoni mwa wiki hiyo mvua ilinyesha, na asubuhi tukakuta godoro limelowa.

Jirani yetu mwenye gereji akaja na kopo la lami. "Napaka hapa na pale, dada, kwisha habari."

"Usiliguse," dada alisema. Gari lilikuwa bado na dhamana, lakini fundi mwingine akiweka mkono wake, dhamana imekufa. Akaenda posta kupiga simu Nairobi. Mimi, niliyekuwa dereva wake, niliona ajabu kwamba muuzaji aliye ng'ambo ya mpaka angeweza kuitwa aje atazame alichouza. Tulikulia wakati ambao kitu ukishauziwa, ni chako pamoja na ubovu wake.

Fundi wao alifika Ijumaa kwa basi la asubuhi, kijana mwenye kisanduku cha vifaa na viatu safi mno kwa matope yetu. Alimwamkia dada shikamoo, akakataa chai, akalisogeza gari hadi penye uwanja sawa karibu na geti. Akapanda ngazi na mpira wa kumwagilia bustani, akamwaga maji juu ya paa kwa muda mrefu. Ndani hakukudondoka hata tone.

"Sasa madam, hii gari inavuja wapi?"

"Ilivuja. Godoro hilo hapo limeanikwa."

"Mimi nikirudi Nairobi nitasema nini? Nimeona godoro?"

Jirani wa gereji, aliyekuwa ameegemea ukuta, akacheka. Dada hakucheka. Nilimjua: alikuwa akihesabu saa zilizobaki kabla ya Jumamosi, na hazikuwa nyingi.

Niliingia ndani nikalala kitandani, nikaangalia dari. Nilikuwa nimelala pale mara kadhaa kwa kupenda tu, na safari hii kuna kitu kilinikera. Kichwa changu kilikuwa kimetulia. Siku zote damu ilikuwa ikinishukia kichwani.

Nikatoka, nikaliendesha gari hadi kwenye mteremko nyuma ya nyumba, pua chini, nikaweka mawe mbele ya magurudumu kama kawaida. "Mwaga tena," nikamwambia fundi.

Maji yalikimbilia mbele ya paa, yakajikusanya pale turubai linapokutana na bati, kisha yakaanza kupenya taratibu, kama jasho.

Fundi alishuka ngazi, akayatazama yale mawe. "Lakini kwa nini mnaliweka hapa? Betri ni mpya. Stata ni mpya."

Jirani akasema, "Ili asubuhi literemke lenyewe, liwake."

"Linawaka kwa ufunguo, mzee."

"Sasa hivi, ndiyo. Zamani ungeipata wapi stata?"

Fundi akakuna kidevu. Alisema gari lile lilitengenezwa likae mahali tambarare.

"Karatasi yenu inasema paa halitavuja," dada alisema kwa upole. "Niambie wapi imesema nisiishi mlimani."

Fundi akamtazama, akautazama Mlima Meru uliokuwa umejifunika mawingu, akafungua kisanduku chake na kutoa gundi ya mpira. Chai aliinywa baadaye, vikombe viwili.

Jumamosi wageni walifika. Dada aliwaonyesha kitanda, jiko na namna ya kuinua paa, kisha akawakabidhi ufunguo.

"Usiku liegesheni mahali tambarare," alisema. Akafikiri kidogo. "Ila mkiwa mnaliacha mchana, tafuteni kamteremko."