Bunduki ya Kanali Ilifika Tarehe Tatu

Sajini Leticia Agpalo alikuwa na mdomo, na hilo kambi nzima ililijua. Miaka kumi na sita ya magwanda haikumpunguzia hata neno moja. Mfupi, mnene kiasi, mzaliwa wa Waipahu, hukohuko Hawaii, binti wa watu waliotoka Ilocos kule Ufilipino kuja kukata miwa ya wenyewe. Ukimwambia afande kasema, atakuuliza kasema lini, na kaandika wapi.

Meza yake ilikuwa ya kupokea wageni. Askari akihamishiwa kisiwa cha Oahu, atoke Texas, atoke Ujerumani, lazima apite kwa Leti, na Leti hakuwa na habari ya kumuuliza mtu safari ilikuwaje. Alichouliza ni kimoja: "Umekuja na bunduki yako mwenyewe?" Ukijibu ndiyo, basi umejitakia.

"Huko kwenu mnanunua bunduki na mkate duka moja, siyo? Hapa ni Hawaii. Una siku tano. Zinahesabiwa toka siku uliyofika wewe au siku iliyofika bunduki, ile iliyokuja nyuma. Unaipeleka polisi mjini, mwenyewe, kwa miguu yako, wakuandikishe. Na usije ukaniambia umeshaiandikisha hapa kambini. Kambi ni kambi, jimbo ni jimbo."

"Lakini mimi ni mwanajeshi," wengine walijaribu.

"Hongera," Leti hujibu. "Zimebaki siku nne na nusu."

Kisha anachukua fomu, anadai karatasi ya mzigo aione kwa macho yake, anaandika tarehe ya kufika, anatia sahihi. Bila sahihi yake fomu ile ilikuwa karatasi tu ya kufungia maandazi, naye alilijua hilo na alijivunia.

Mwaka ule alikuwa na haja moja tu duniani: asihamishwe. Muda wake Oahu ulikuwa unakwisha, na mama yake, Nana Consing, figo zilikuwa zimemgomea. Mara tatu kwa wiki ilikuwa lazima apelekwe kusafishwa damu, na wa kumpeleka ni Leti, maana mtoto mwingine hakuna. Kumhamisha bibi yule nako usithubutu kukutaja. "Mume wangu kalala hapa, mlonge wangu uko hapa," angekwambia. "Niende wapi miye?" Basi Leti akaandika ombi la kuongezewa miaka mitatu, akaambatisha barua ya daktari, na ombi likapanda mpaka kwa mkuu wa kikosi, Luteni Kanali Harlan Brandvold. Likakaa mezani kwake linasubiri kalamu.

Brandvold alikuwa mtu wa Montana, mrefu, na mtu wa sheria hasa, kwa wenzake. Miezi miwili nyuma Koplo Stallard, baba wa mapacha, alichelewa siku mbili kuandikisha bastola yake. Bastola ilifika na mizigo ya nyumbani, na kesho yake kikosi kizima kikavushwa kwenda mazoezini Kisiwa Kikubwa, wiki nzima wanakula vumbi la mlimani. Siku aliyorudi Stallard alikwenda polisi hata kabla hajavua buti. Kanali hakutaka kusikia. Alimsimamisha mbele ya watu akamwambia, "Sheria ya jimbo haijui mazoezi," akamvua ukoplo. Aliyeitwa kusoma tarehe siku ile alikuwa Leti. Alizisoma kama zilivyo, na zilimuuma, lakini zilikuwa za kweli. Stallard akakata rufaa brigedi, na ilikuwa bado haijajibiwa.

Sasa Mungu naye ana utani wake. Baba yake Brandvold akafariki kule Montana, ndugu wakamtumia kanali bunduki ya mzee ya kuwindia, ndani ya kasha la vyombo. Kasha likafika tarehe tatu. Tarehe nne kikosi kikaondoka tena kwenda mazoezini, safari hii wiki mbili. Tarehe kumi na tisa asubuhi kanali akaingia mwenyewe ofisini kwa Leti, akamtoa nje Koplo Tupuola, dada wa Kisamoa aliyekaa meza ya pili, akafunga mlango.

"Sajini, fomu hii hapa. Nimeshaijaza. Bado tarehe na sahihi yako tu."

"Karatasi ya mzigo, afande?"

"Hii. Inasema tarehe tatu, lakini kasha sikulifungua mpaka jana. Andika kumi na nane."

"Sheria haiulizi ulifungua lini, afande. Inauliza ilifika lini."

"Nilikuwa mazoezini, Sajini. Nilikuwa naitumikia nchi hii."

Ulimi ulimwasha Leti, na ulimi ukimwasha hakuna wa kuuzima. "Stallard naye alikuwa mazoezini, afande. Hema lake lilikuwa nyuma ya lako."

Kanali aliiva uso mpaka masikioni. Kisha akaongea kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. "Ombi lako liko mezani kwangu. Nalisaini Ijumaa. Mama anaendeleaje?"

Mshenzi mkubwa! Mtu unamtajia mama yake mgonjwa kwa ajili ya tarehe! Leti akaitazama fomu. Aliogopa, na nani asingeogopa? Alimwona Nana Consing amekaa kwenye kile kiti cha hospitali, mirija mkononi, anautazama mlango ambao hakuna wa kuuingia. Akashika kalamu. Kanali akatabasamu.

Leti akaandika, kwa tarakimu nene ambazo hata kipofu angezipapasa, tarehe tatu. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akabakiza nakala, akamsogezea fomu.

"Mama hajambo, afande, ahsante kwa kuuliza. Polisi wako wazi mpaka alasiri. Ukiondoka sasa hivi utakuwa umechelewa siku kumi na moja tu."

"Unajua unachokifanya?"

"Naandika tarehe, afande. Ndiyo kazi mliyonipa."

Mlango ulifungwa kwa kishindo kikamrudisha Tupuola mbio. "Dada, nimesikia yote. Una wazimu wewe!"

"Ninao. Chukua nakala hii upeleke kwa wanasheria wa brigedi. Sema ni ya kuwekwa kwenye rufaa ya Stallard."

"Leo?"

"Sasa hivi, kabla akili hazijanirudia!"

Ijumaa ombi lilirudi na neno moja juu yake: limekataliwa. Wiki iliyofuata ikaja amri ya uhamisho, Alaska, ndani ya siku sitini. Leti akapeleka malalamiko kwa wakaguzi wa jeshi, wakampokea vizuri, wakampa na kiti, wakamwambia asubiri. Lakini malalamiko yana foleni na ndege haina. Kanali aliandikiwa barua ya karipio na akabaki kwenye kiti chake kilekile, mnajua mambo ya wakubwa. Stallard alirudishiwa ukoplo. Alikuja ofisini na mkewe na mapacha, akaanza kutokwa na machozi.

"Usinililie hapa," Leti alimkaripia, "utanilowesha fomu." Walipotoka alijifungia chooni, akalia yeye.

Nana Consing alikuwa bado hajaambiwa. Siku tatu Leti alizunguka na lile jambo, anapika, anachuma majani ya mlonge, anakata karela. Huyu aliyemjibu kanali, kwa mama yake alikuwa bubu. Jumamosi, mashine ikiwa imeshawashwa na hakuna pa kukimbilia, alilitapika lote: bunduki, tarehe, Ijumaa, Alaska.

Mama mtu alisikiliza amefumba macho. "Ungeandika kumi na nane, tungebaki?"

"Tungebaki, Nana."

"Na huyo baba wa mapacha?"

"Angebaki bila cheo chake."

Nana Consing akaguna. Leti alikaa pale mikono mapajani, ana hakika amemuua mama yake kwa kalamu. Alikuwa tayari kutukanwa. Alikuwa ameshapiga simu kwa binamu mmoja Kalihi kuuliza kama angeweza kumchukua.

"Huko Alaska mashine hizi hawana?"

"Wanazo, Nana. Zilezile."

"Mlonge hauoti."

"Hauoti. Ni barafu."

"Kwa binamu yako siendi, ile simu yako niliisikia, usijisumbue. Anapika chumvi tupu, ataniua kabla ya figo." Akafumbua macho, akamtazama bintiye kwa hasira aliyokuwa nayo zamani, kabla ya maradhi. "Huyo kanali wako alidhani amenitia mimi mfukoni? Mimi? Mwite nesi aniandikie barua ya kuhamia hospitali ya huko. Tunakwenda wote."

"Na Tata je?" Leti aliuliza. Kaburi la baba yake halikuwahi kukosa maua hata Jumapili moja.

"Baba yako ananijua," alisema Nana Consing. "Atanisubiri."