Utando Uliosafiri hadi Pangani

Riziki binti Mbwana aliletwa Doha kufagia. Kwa miaka sita alifagia korido za chuo kimoja, jioni akirudi mtaa wa Al Mansoura kwenye chumba cha wanawake sita. Kisha Edith, Mkenya aliyekuwa fundi wa maabara ya hapo, akaona jinsi anavyoshika vyombo vya kioo bila kuvigonganisha, akamwomba amsaidie kuosha tando.

Tando hizo zilifumwa na bakteria. Waliwekwa kwenye trei ya maji ya sukari wakaachwa watulie, na baada ya wiki juu ya maji pakaganda kitu laini kama nyama ya dafu. Kilichemshwa na magadi kuwaua wafumaji wenyewe, kisha kikaoshwa siku tatu mpaka harufu ya siki iishe.

"Mbona unakiangalia hivyo, unataka kukipika?" Edith alimtania.

"Kwetu ningekitia nazi. Cha nini lakini, dada?"

"Ni ya wagonjwa. Unabandika kwa ngozi, dawa ya maumivu inaingia polepole. Hakuna kumeza, hakuna sindano. Lakini bado ni majaribio, sawa? Hata mtu mmoja hajawekewa."

Riziki aliyasikia ya mwanzo; ya mwisho yalimpita. Huko Pangani mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kuingia mifupani. Hospitali ilimpa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, lakini kila akiinywa alitapika, hata akaichukia chupa yenyewe. Mdogo wake Riziki, Halima, alipopiga simu, nyuma yake palisikika mlio ambao Riziki hakutaka kuamini kuwa ni wa mama.

Alhamisi moja akaopoa utando kwenye maji ya kuoshea, akaufunga ndani ya mifuko miwili. Maishani hakuwahi kuiba hata sindano ya kushonea. Twaha, dereva aliyekuwa akienda likizo Tanga, akaubeba mpaka kwa Halima.

Siku ya pili tangu ubandikwe, mama alishika simu mwenyewe. "Mwanangu, umenipoza. Ile chupa yao nimeitia kabatini. Mungu akupe kheri."

Riziki alilia kwa furaha chooni kazini, bomba akiliacha wazi asisikike.

Wiki iliyofuata alimkuta Edith akizitumbukiza tando zilizooshwa kwenye beseni, moja moja.

"Unafanya nini, dada?"

"Natia dawa. Kabla ya hapa ni tupu, ni kama kitambaa na maji tu. Kwani ulidhani aje?"

Kwao Riziki jani la kubandika ndilo dawa. Mshubiri hauchovywi kwanza kwenye kitu kingine. Alitoka nje kwenye jua la Agosti, akampigia Halima, akamwambia yote bila kuvuta pumzi.

Halima akashusha sauti. "Nilishajua, dada. Mama anauma kanga usiku kucha. Simu yako ikilia anaitoa kanga mdomoni, anajifuta, ndipo anasema nawe. Alinikataza nisikwambie."

"Mpe dawa ya hospitali."

"Hataki. Anasema akiinywa, utajua kuwa hukumfaa kitu."

"Basi mwekee simu sikioni."

Alisikia pumzi fupi fupi. "Mama, nilikosea," Riziki akasema. "Ule utando hauna kitu. Ni maji. Kunywa ya hospitali, nakuomba."

"Hauna kitu?"

"Hauna, mama."

"Haya," alisema Bi Mwanaidi. Kisha ile sauti aliyoikaza wiki nzima ikalegea, akalia kwa kelele, kama mtu aliyepewa ruhusa.

Daktari akamwongezea kidonge cha kuzuia kutapika, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza. Bi Mwanaidi aliishi siku tisa zaidi, nyingi akiwa usingizini. Akazikwa Ijumaa baada ya sala. Riziki alikuwa ameomba likizo ya kwenda kumzika mama yake, akapewa mapumziko ya nusu saa.