Nyota ya Uzi Mwekundu

Wiki tatu hizi sijalala vizuri kwa sababu ya rangi ya uzi. Najua unavyonifikiria. Nina digrii, nina barua kumi na moja za kuomba kazi ambazo hazijajibiwa, na jiji hili lina mambo mengi ya maana ya kumkosesha mtu usingizi. Lakini mimi nalala chali nikijiuliza kama uzi ule, Desemba ile ya mwaka 2009, ulikuwa mwekundu au mweusi.

Ilianza siku nilipompelekea bibi picha yangu ya mahafali. Bado anaishi Hillbrow, hapa Johannesburg, ghorofa ya saba, nyumba ileile tuliyokuwa tukigawana na watu wengine kwa mapazia. Akaisogeza picha karibu na pua, akaifuta kwa upindo wa kitenge ingawa haikuwa na vumbi, akasema, "Ningekushonea blanketi, mjukuu wangu. Lakini mkono huu ulishampoteza mtu." Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nikasema nitakunywa. Nikanywa. Nikaosha kikombe, nikaondoka.

Ngoja nikueleze blanketi zenyewe. Bibi alijifunza kushona viraka Bujumbura, akaja na ujuzi huo Johannesburg kama wengine walivyokuja na masufuria. Mei ya mwaka 2008, wageni walipopigwa na kufukuzwa majumbani, tulilala siku sita kwenye ukumbi wa kanisa. Watu wengi walikuwa wamekimbia na nguo za mwilini tu, karatasi zao za ukimbizi zikabaki nyuma, na bila karatasi hapa mtu si mtu. Bibi alirudi nyumbani na wazo lake. "Mtu akikimbizwa anasahau mkoba," alisema. "Blanketi hasahau, baridi ya huku inamkumbusha." Tena hakuna mwizi anayetamani blanketi la viraka.

Basi karatasi ya kila mtu ikaviringishwa kwenye mfuko wa plastiki wa mkate na kushonewa nyuma ya kiraka. Viraka vya kawaida vilishonwa kwa uzi mweusi. Kiraka chenye karatasi kilishonwa kwa uzi mwekundu, ili ukiwa na haraka ujue pa kupasua. Na kila Desemba, shule zikifungwa, bibi alishona blanketi jipya kutokana na nguo zilizochakaa za kila aliyekaa na sisi mwaka ule: gauni langu la shule, aproni ya mama yangu aliyefanya kazi za ndani Sandton na kurudi Jumapili tu, shati la jirani. Karatasi zilihamishwa, na blanketi la zamani likaenda kwenye sanduku la kanisa, kwa ajili ya wanaolala nje. Hakutaka Krismasi itukute chini ya blanketi la mwaka jana.

Ukifunga macho unaweza kuisikia ile nyumba. Cherehani hatukuwa nayo, kwa hiyo sauti yenyewe ilikuwa ndogo: uzi ukipita kwenye kitambaa, bibi akikohoa, mafuta ya mandazi yakitoa povu kwenye jiko la sahani moja, na chini kabisa honi za teksi zikigombea abiria. Dagaa wa kukaanga walinukia mpaka kwenye vitambaa. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya bibi yalikuwa yameanza kufifia, na kufumua viraka vya zamani kwa wembe. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona fundi.

Jirani ndiye aliyenipa cheo. Alikuwa kijana wa Bukavu, mlinzi kwenye jengo moja la maofisi Sandton, na aliishi nyuma ya pazia la bluu, hatua tatu kutoka kitandani kwetu. Alikuwa akichungulia na kuniuliza, "Dokta, mgonjwa anaendeleaje?"

"Anahitaji damu," nilimjibu, nikimaanisha uzi mwekundu.

"Eish! Mtilie basi, asitufie na Krismasi imefika."

Bibi alijifanya kukasirika. "Wewe, acha kumcheleweshea mtoto kazi. Kama huna la kufanya, njoo umenye vitunguu." Na alikuja kweli, akamenya, akalia machozi makusudi ili sisi tucheke.

Desemba ile mwalimu wa Jumapili alitutaka kila mtoto alete pambo alilolitengeneza kwa mikono yake. Litakaloshinda litaning'inizwa juu ya hori la Mtoto Yesu. Wenzangu walikuwa wakikata karatasi za kung'aa. Mimi nikachukua njiti za fagio, nikazifunga mfano wa nyota, nikaanza kuzizungushia uzi mwekundu wa bibi. Kila nikizungusha inapendeza zaidi. Nilizungusha mpaka roli ikabaki kijiti kitupu. Nikajiambia bibi akienda Fordsburg kutafuta mabaki ya vitambaa atanunua nyingine.

Alikwenda kweli, lakini nilisahau kumwambia. Na siku hiyohiyo jirani aliingia akihema, karatasi yake mpya mkononi, baada ya kupanga foleni siku mbili kwenye ofisi ya vibali. Alikuwa anakwenda kulinda sikukuu nzima, alale hukohuko kazini, na hakutaka kutembea nayo.

"Dokta, operesheni ya dharura. Teksi hainisubiri."

Nilipasua kiraka cha blanketi la zamani, kwa kuwa jipya lilikuwa halijaisha, nikaingiza karatasi, nikashona. Yeye alikuwa ameinama anafunga buti.

"Tayari?"

"Tayari."

"Sharp," akasema, kama vijana wa huku wanavyoshukuru, tukagongana ngumi, akatoka.

Hapo ndipo pananikosesha usingizi. Kwa miaka yote hii nimejiambia kwamba huenda kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu kilichobaki kwenye bati la vifaa. Huenda nilianza kwa mweusi nikamalizia kwa mwekundu. Huenda nyota niliitengeneza baadaye. Akili yangu ni hodari sana kutafuta huenda.

Jumamosi iliyofuata sisi watoto tulikuwa kanisani tangu asubuhi kwa mazoezi ya Krismasi. Nyota yangu ilishinda. Nilirudi nimeibeba habari hiyo mdomoni, nikakuta blanketi jipya limetandikwa kitandani na la zamani halipo. Bibi alikuwa amehamisha karatasi peke yake, kwa uzi mwekundu alioazima kwa mpangaji mwenzetu, na kulipeleka lile la zamani kanisani kwa mlango wa nyuma wakati sisi tunaimba. Nilitaka kuuliza kuhusu kiraka cha jirani. Lakini nilifikiri plastiki inalia ukiikunja, lazima aliisikia. Sikufikiria kwamba mpangaji wa ghorofa ya juu alikuwa amefungulia muziki wa sikukuu tangu alfajiri, madirisha yanatetemeka. Na kuuliza kungenilazimu kueleza uzi ulikwenda wapi, siku ambayo bibi ananisifia nyota.

Jirani alirudi Januari. Bosi wake alitaka kuiona karatasi mpya. Bibi akafungua blanketi, kiraka baada ya kiraka chekundu: yake, ya mama, yangu.

"Na yangu, Mama?"

"Yako si unatembea nayo?"

"Nilimpa Dokta aishone."

Wakanigeukia wote wawili.

"Ulishona?" bibi akauliza.

"Nilishona."

"Kwa uzi gani?"

Nakumbuka kwamba sikusita. "Mwekundu, bibi."

Alikaa kitandani taratibu. "Basi ni macho yangu," akasema. "Niliona chekundu nikakiacha."

Sanduku la kanisa lilikuwa limeshagawiwa. Siku tisa bibi alizunguka mjini kwenye mvua, akiinama juu ya kila aliyelala kibarazani na chini ya daraja, akiomba radhi, akishika pindo za blanketi zao. Wengine walimfukuza. Mmoja alimtemea mate. Mimi nilifuatana naye nimebeba mwavuli, na hata hapo sikusema atafute mweusi.

Siku ya kumi jirani aliamua kwenda mwenyewe kueleza kwenye ofisi ya vibali. Hakufika. Polisi walikuwa wamesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakikagua watu, na yeye hakuwa na cha kuonyesha. Bibi alimpelekea chakula mahali alipofungiwa, wakakikataa mlangoni, akarudi nacho kimepoa. Walimrudisha kwao kwa ndege. Alipiga simu mara moja, laini ikikatika, akamwambia bibi, "Mama, usijilaumu, macho ni macho." Akaniulizia, "Dokta hajambo?" Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena, na hakuna mtu wa Bukavu tuliyemuuliza aliyejua yuko wapi, au kama yupo.

Pazia la bluu lilikaa mwezi mmoja, kisha akaja mpangaji mwingine na pazia lake. Bibi alimaliza kubana pindo moja iliyokuwa imefumuka, akafunika bati la vifaa, akalipandisha juu ya kabati. Desemba iliyofuata alinunua blanketi la dukani, lenye picha ya chui. Tulilala chini yake Krismasi zote zilizobaki. Lilikuwa na joto kuliko yale ya viraka na hakuna aliyelipenda. Karatasi zetu zilihamia kwenye mfuko wa plastiki ukutani, kama za watu wengine. Hakuna tena aliyeniita Dokta. Hata ile harufu ya dagaa kwenye vitambaa, siku hizi siipati popote.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena Hillbrow. Bibi alikuwa anakoroga maharage yasishike chini ya sufuria, mgongo kwangu. Nikapanda kiti nikalishusha lile bati.

"Unatafuta nini huko juu?" akauliza bila kugeuka.

"Sindano, bibi. Kifungo kimekatika."

Uongo mwingine. Nilikuwa natafuta kipande cha uzi mwekundu, kimoja tu, cha kunitetea. Ndani ya bati mlikuwa na mabaki ya uzi mweusi, wembe wenye kutu, vifungo, na chini kabisa, katika kipande cha gauni langu la shule, nyota. Aliitoa kanisani akaitunza. Niliigeuza. Tabaka juu ya tabaka, roli nzima, imekazwa vizuri. Nyuma yake kilikuwa kimefungwa kikaratasi chenye jina langu na tarehe ya kuikabidhi kwa mwandiko wangu, siku mbili kabla ya jirani kuingia akihema.

Nilikaa nayo mapajani. Nilifikiri kwamba bibi ni mzee, kwamba hataweza kulibeba jambo hili, kwamba ukweli haumrudishi mtu. Nilifikiri yote. Kisha nikazima jiko.

"Bibi, kaa kidogo. Macho yako hayakukosea. Nilishona kwa uzi mweusi. Mwekundu wote uko hapa."

Nikamwekea nyota mkononi.

Aliipapasa kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta mlango gizani. "Ulinishikia mwavuli," akasema hatimaye. "Siku tisa ulinishikia mwavuli."

"Ndiyo, bibi."

Hakunitazama. Alitafuta ncha ya uzi kwa ukucha, akaipata, akaanza kuikunjua nyota, na uzi ukawa unaanguka kwenye kitenge chake, mwingi kuliko nilivyodhani. Mkoba wangu ulikuwa karibu na mlango. Nikauacha hapohapo, nikakaa sakafuni mbele yake nikisubiri amalize.