Karatasi Ndani ya Besi ya Baba

Siku ile sebuleni kwetu Pasiansi tulikuwa sita: mimi, wadogo zangu wawili, baba mdogo, mzee aliyekuwa akipiga gitaa la solo katika bendi ya baba, na mnunuzi kutoka Dar. Baba na mama walikwishafariki. Ndiyo maana mimi, niliyeacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu wasome, nilikuwa nimekalia kiti cha baba.

Mezani palikuwa na magitaa mawili ya besi, mekundu yote, ya kiwanda kimoja. Moja la miaka ya sabini, jingine la miaka ya themanini. Baba na mdogo wake walikuwa na moja kila mmoja. Bendi ilipovunjika, mzee aliyatunza yote. Sasa baba mdogo alisema la sabini, lenye bei zaidi, ni lake, na alishamwahidi mnunuzi.

"La sabini ni la baba," nikasema.

"Utajuaje wewe? Ulikuwa unacheza kombolela."

"Nilikuwa nachemsha nyuzi zake kila Jumamosi, baba mdogo, kwenye sufuria ya mama, ili zirudishe sauti. Lile ni zito, lilimchimba baba bega. Sauti yake nene, inakaa chini. Hilo lako jepesi, linapiga kelele kama wewe."

Wadogo zangu wakacheka. Mnunuzi akamgeukia mzee. "Unasemaje, mzee wangu?"

"Siwezi kuapa. Walikuwa wakiazimana."

Hapo nikachemka. Nikamwita mzee wa watu mwongo, nikamwambia amekula njama na baba mdogo. Mzee akasema, "Fungueni shingo za magitaa. Marehemu alipenda nyuzi zikae chini, karibu na ubao. Alikuwa anatia karatasi chini ya shingo."

Mnunuzi akafungua skrubu. La themanini halikuwa na kitu. Katika la sabini, pale shingo inapoingia mwilini, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua: hesabu za kugawanya, mwandiko wangu, vema za mwalimu kwa kalamu nyekundu. Kwa ukurasa huo kukosekana daftarini nilichapwa darasa la nne, huku nikiapa kwamba sikuuchana mimi.

Mnunuzi akanitajia bei. Akaiongeza. Baba mdogo akaanza kunikumbusha ada za wadogo zangu.

"Ada nimelipa miaka yote bila gitaa," nikasema. "Haliuzwi."

Nikairudisha karatasi mahali pake, nikakaza skrubu mwenyewe.

Mzee alishavaa kofia. Nikamfuata mlangoni, nikapiga goti.

"Shikamoo, mzee. Nimekukosea."

"Marahaba. Msamaha wa mdomo siutaki. Jifunze ule wimbo baba yako aliofungia dansi. Siku utakayoupiga wote bila kukosea, nitakuja na solo langu. Hapo tutakuwa tumemalizana."

Masika mawili yamepita. Mchana nashona nguo za watu, jioni nashika besi. Nafika kiitikio cha pili, vidole vinapotea, naanza upya. Siku nyingine mzee hupita, husimama nje ya dirisha akasikiliza, kisha huenda zake bila kubisha hodi.